Kuku wa Kienyeji Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Banda, Chanjo, Chakula na Dawa za Bustanini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia yenye kiwanja cha kawaida, mjini au kijijini, inayotaka kufuga kuku wa kienyeji kati ya kumi na hamsini, ipate mayai na kitoweo, na pembeni yake iwe na bustani ya mboga na mimea michache ya dawa. Nimeupanga kwa kutanguliza kinga kabla ya mambo mengine yote, kwa sababu naamini kwamba hapo ndipo ufugaji wa nyumbani unapofaulu au unapoanguka. Kuku wa kienyeji huvumilia chakula hafifu kwa muda, hutaga hata ndani ya boksi kuukuu, na hujitafutia wadudu bila kufundishwa na mtu. Lakini kideri kikiingia katika kundi lisilochanjwa, kinaweza kuua karibu kuku wote ndani ya siku chache, na hakuna dawa ya dukani wala ya porini inayoweza kuwarudisha.

Kuchagua na kununua

Anza na mitetea minane hadi kumi na jogoo mmoja. Idadi hiyo inamtosha jogoo mmoja kurutubisha mayai vizuri, na inakupa nafasi ya kujifunza tabia za kuku kabla gharama hazijawa kubwa. Wanaofaa zaidi kuanza nao ni mitetea waliokaribia kutaga, yaani wenye umri wa miezi mitano hadi sita, kwa kuwa wamekwisha kuvuka kipindi ambacho vifaranga wengi hufa.

Nunua kwa jirani ambaye unalifahamu kundi lake, hata akikuuzia kwa bei ya juu kidogo, kuliko kununua mnadani. Mnadani hukutana kuku wa vijiji vingi, na ugonjwa unapozuka wapo wafugaji wanaoharakisha kuuza kuku kabla hawajafa, kwa hiyo siku ambayo kuku ni wengi na bei imeshuka ghafla ndiyo siku ya kujihadhari zaidi. Mkague kila kuku kabla ya kulipa: macho yawe makavu na maangavu, pua isiwe na ute, manyoya ya kinyeo yasiwe yameganda kinyesi, na ukimpapasa kifuani usikute mfupa umechomoza kama ukingo wa kisu. Ukifika naye nyumbani, mtenge siku 14 mbali na kuku uliokuwa nao, na mhudumie mwisho, baada ya wale wa zamani.

Kuhusu aina, usihangaike sana. Kuchi ni wakubwa na wana nyama nyingi, ila ni wagomvi. Kishingo, wasio na manyoya shingoni, huvumilia joto la pwani vizuri. Chotara kama Sasso na Kuroiler hutaga zaidi na hukua haraka, lakini hula zaidi na huatamia kwa nadra, hivyo anayewafuga hulazimika kununua vifaranga upya kila mara. Kwa familia inayotaka kundi linalojiendeleza lenyewe, kuku wa kienyeji bado ndiye chaguo langu. Badilisha jogoo kila mwaka, ukibadilishana na mfugaji wa mbali kidogo, ili jogoo asiwapande binti zake.

Banda

Chagua mahali palipoinuka, pasipotuama maji, penye kivuli cha mti lakini pasipogusana na matawi ambayo paka au kicheche anaweza kuyapita. Urefu wa banda utoke mashariki kwenda magharibi, yaani pande fupi ndizo zitazame mawio na machweo, ili jua la asubuhi na la jioni lisipenye kwa wingi ndani. Kuta ziwe nzima hadi usawa wa goti au kiuno, na kutoka hapo kwenda juu weka wavu, kwa sababu kuku wanahitaji hewa zaidi kuliko wanavyohitaji joto: banda lililofungwa kila upande hujaa harufu kali ya mkojo, na harufu hiyo huwachoma macho na kuwaandalia njia magonjwa ya mafua.

Kuku watano kwa mita moja ya mraba ni kipimo kizuri kwa wanaotoka nje mchana. Ndani weka fito za kulalia zenye unene wa mpini wa jembe, kila kuku apate sentimita 20, pamoja na viota vya sentimita 30 kwa 30, kimoja kwa kuku wanne au watano, sehemu yenye giza kidogo. Sakafu iwe ya saruji au ya udongo ulioshindiliwa, itandikwe maranda au makapi ya mpunga kwa kina cha sentimita tano hadi kumi. Matandiko haya yageuze mara kwa mara na uondoe yaliyolowa siku hiyohiyo, kwa sababu unyevu ndio unaokuza vimelea vya kuhara damu, ugonjwa unaoua vifaranga wengi wakati wa masika.

Chanjo

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa isomwe mara mbili. Kideri, ambacho sehemu nyingine huitwa mdondo, husababishwa na virusi. Kuku aliyeugua hukoroma, hushusha mabawa, huharisha kinyesi cha kijani, na wengine hupinda shingo au kuzunguka bila mwelekeo kabla ya kufa. Ukishaona dalili hizi umekwisha kuchelewa kwa kuku huyo, na wakati mwingine kwa kundi zima.

Kinga yake ni rahisi na ya bei nafuu. Chanjo ya I-2, ambayo mbegu yake ilitoka Australia na iliandaliwa kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu, hutengenezwa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, lakini kuvumilia huko kuna mpaka: isiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa, na wakati wa kuisafirisha ifungwe katika kitambaa kilicholowa maji. Muda wa kuitumia baada ya kuifungua umeandikwa kwenye chupa au kwenye karatasi yake, nao uheshimiwe.

Uchanjaji wenyewe hufanyika hivi. Wafungie kuku bandani tangu jioni, ili asubuhi usimkimbize hata mmoja. Mtu wa kwanza anamshika kuku na kumlaza ubavu, jicho moja likitazama juu. Wa pili anashika chupa wima, mdomo ukielekea chini, anadondosha tone moja jichoni, na kusubiri hadi kuku apepese. Tone likidondoka pembeni, rudia. Kila kuku hupata tone lilelile, awe kifaranga au jogoo mkubwa. Wachanje walio wazima pekee, kwa kuwa chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua, na kumbuka kwamba kinga hujengeka baada ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo usilete kuku wageni katika kipindi hicho.

Vifaranga wachanjwe kideri siku ya saba na siku ya 21, kisha kundi lote lirudiwe kila baada ya miezi mitatu. Jambo linalowashinda wengi si fedha ila ni kalenda. Andika tarehe ya chanjo ijayo ukutani au kwenye simu siku ileile unapochanja, na hakikisha kwamba kuku wamechanjwa kabla kiangazi hakijakolea, kwa sababu milipuko mingi hutokea majira hayo. Tena, chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, hivyo njia bora ni majirani wa mtaa au kitongoji kuchangia chupa na kuchanja siku moja. Kuku wa jirani asiyechanja hawezi kuwaambukiza wako waliokingwa kwa urahisi, lakini nyumba kumi zikichanja pamoja ugonjwa hukosa pa kushika.

Chanjo nyingine mbili ni muhimu. Ya Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoshambulia vifaranga, hutolewa katika maji ya kunywa siku ya 14 na ya 28. Maji hayo yasiwe na dawa ya klorini, na vifaranga wanyimwe maji saa mbili kabla ili wayamalize haraka. Ndui, inayoenezwa na mbu, hukingwa mara moja kwa kutoboa ngozi ya bawa kwa sindano maalumu kati ya wiki ya sita na ya nane. Kazi hii mwombe afisa mifugo akuonyeshe mara ya kwanza. Dawa ya minyoo itolewe kila miezi mitatu, na ni rahisi kuikumbuka ukiipanga wiki chache kabla ya chanjo ya kideri.

Kuku akifa kwa ugonjwa, mchome moto au mfukie shimo refu. Asiuzwe, asiliwe, na asitupwe kwenye jalala ambako mbwa na kunguru watambeba hadi kwa wengine. Vifo vya ghafla vya kuku wengi viripotiwe kwa afisa mifugo wa kata.

Chakula

Kuku mkubwa anayefungiwa ndani anahitaji kati ya gramu 100 na 120 za chakula kwa siku. Anayetoka nje hujipatia sehemu ya mahitaji yake, na kumwongezea gramu 30 hadi 50 jioni kunamfanya atage vizuri na arudi bandani mwenyewe bila kufukuzwa. Anachokikosa zaidi kuku wa kutembea ni protini wakati wa kiangazi, wadudu wanapoadimika, na madini ya kujenga ganda la yai.

Kwa anayetaka kuchanganya chakula cha kuku wanaotaga, mchanganyiko huu wa kilo 100 hutoa protini ya takriban asilimia 16: mahindi yaliyoparazwa kilo 42, pumba za mahindi kilo 18, mashudu ya alizeti kilo 20, dagaa waliosagwa kilo 10, chokaa ya mifugo kilo 7, unga wa mifupa kilo 2, chumvi nusu kilo, na nusu kilo ya virutubisho vya madini na vitamini vinavyouzwa katika maduka ya pembejeo za mifugo. Chokaa inayotajwa hapa si ile ya kupaka kuta, ambayo huunguza. Vitu vya kidogokidogo, kama chumvi na virutubisho, vichanganye kwanza na kilo chache za pumba kabla ya kuvimwaga kwenye lundo, la sivyo kuku mmoja atakula chumvi yote na mwingine hataionja. Vifaranga wasipewe mchanganyiko huu, maana chokaa ni nyingi mno kwa figo zao. Wao wapewe chakula cha kuanzia chenye protini ya asilimia 18 hadi 20.

Mahindi au mashudu yaliyoota ukungu yasiingie kwenye chakula hata kidogo. Sumukuvu hudhoofisha ini la kuku na kumfanya apate magonjwa aliyochanjwa, na ni sumu hiyohiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Chakula kihifadhiwe juu ya kichanja, mbali na ukuta, na kinunuliwe cha kutosha mwezi mmoja tu.

Mchwa ni protini ya bure. Jaza chungu cha udongo mabua makavu na samadi ya ng'ombe, vilowanishe, kisha kifunike chungu kifudifudi juu ya njia ya mchwa jioni, mahali penye kivuli. Asubuhi kigeuze mbele ya vifaranga. Mboga za majani, kama mchicha, matembele na majani ya mlonge, zifungwe kitita na kuning'inizwa kimo cha kichwa cha kuku, ili wadonoe bila kuzikanyaga. Makombo ya jikoni yanafaa yakiwa mapya na yasiyo na chumvi nyingi, lakini maharage mabichi, maganda na kokwa za parachichi, na maganda mabichi ya muhogo ni hatari kwao. Maji safi yawepo saa zote.

Kutotolesha na kulea vifaranga

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mkupuo, kisha huatamia siku 21. Mayai ya kuatamiwa yasizidi siku saba tangu kutagwa. Yahifadhiwe mahali pa baridi, ncha ikitazama chini, yasioshwe. Mama mmoja apewe mayai 10 hadi 13 kulingana na ukubwa wake. Siku ya saba, wakati wa usiku, yapime kwa mwanga wa tochi: yenye mishipa ya damu yanaendelea, yaliyo angavu yaondolewe.

Ukiwa na kuku wawili au watatu wanaotaka kuatamia kwa wakati mmoja, uwape mayai siku moja. Yatakapoanguliwa, vifaranga wote wanaweza kulelewa na mama mmoja au katika bruda, yaani sehemu iliyozungushiwa na kutiwa joto la taa au mkaa, na akina mama wengine wakarudi kutaga baada ya wiki chache. Hii ndiyo siri ya kupata vifaranga wengi kwa mwaka bila kununua mashine.

Wiki nne za kwanza ndizo zenye vifo vingi, na sababu kubwa ni mwewe, kicheche, panya, baridi na mvua. Usiwaachie wazurure na mama yao. Wafunike kwa tenga wakati wa mchana, uwape chakula na maji humo humo, na usiku walale kwenye boksi au chumba kisichopitisha panya. Katika bruda, joto liwe nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha lipungue nyuzi tatu hivi kila wiki. Tabia yao ni kipimo bora kuliko kipimajoto: wakijikusanya chini ya taa wanaona baridi, wakikimbilia kuta na kuhema wanaona joto, wakisambaa wakila wako sawa. Anayetumia chungu cha mkaa aache nafasi ya hewa kupita, kwa maana moshi wa mkaa usioonekana huua vifaranga, na watu pia.

Dawa za bustanini

Mimea ina nafasi yake halali katika ufugaji, na nafasi hiyo ni kubwa zaidi nje ya mwili wa kuku kuliko ndani yake. Majani makavu ya mwarobaini yaliyowekwa chini ya matandiko ya viota husaidia kufukuza utitiri na chawa. Shimo dogo au beseni la majivu makavu ya kuni yaliyochanganywa na mchanga, likikaa mahali pasiponyeshewa, huwapa kuku pa kuoga vumbi, na hakuna dawa ya dukani ninayoithamini kuliko hiyo kwa wadudu wa manyoya. Viroboto wanaong'ang'ania kichwani na kuzunguka macho hufa kwa kukosa hewa wakipakwa mafuta mazito ya kujipaka. Miguu yenye magamba yaliyoinuka ni dalili ya utitiri wa miguu: iloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, isugue taratibu kwa mswaki kuukuu, ikauke, kisha ipake mafuta ya kupikia au hayo mazito, na urudie kila wiki hadi magamba yalainike. Tumbaku wapo wanaoitia viotani. Mimi siishauri, kwa kuwa nikotini yake ni sumu kwa kuku.

Kwa upande wa dawa za kunywesha, wafugaji wengi hutia mshubiri, pilipili au mwarobaini katika maji. Maji machungu humfanya kuku anywe kidogo, na siku ya joto kali kunywa kidogo kunapunguza mayai na kunaweza kuua. Ukiwapa, iwe kwa nusu siku, halafu warudishiwe maji safi, na isiwe kamwe siku ya chanjo ya majini. Wala usimwamini anayekuambia kwamba mchanganyiko wake unatibu kideri. Kuhara damu nako kunahitaji dawa halisi, kama amproliamu, ikitolewa mapema kwa kipimo kilichoandikwa. Vidonda vya ndui havina tiba, lakini kuvisafisha kwa maji ya chumvi na kuvipaka ute wa mshubiri kunapunguza uchafu usiingie hadi vikauke.

Bustani hiyohiyo ina manufaa kwa watu. Mchaichai na tangawizi iliyopondwa hufanya kinywaji kizuri kwa mwenye mafua, na asali inapunguza kikohozi, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Mshubiri hufaa kwa jeraha dogo la moto, baada ya kulipoza kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20. Mjamzito asinywe mwarobaini wala mshubiri. Homa ipimwe malaria katika zahanati siku hiyohiyo, na mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi-sukari ya pakiti pamoja na zinki. Majani yasichukue nafasi ya hayo.

Mayai, nyama na mboga jikoni

Okota mayai mara mbili kwa siku. Yenye uchafu yafute kwa kitambaa kikavu, kwa sababu kuyaosha huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Yai unalolitilia shaka litumbukize ndani ya maji: bichi na jipya hulala chini, linaloelea litupwe. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika kuku na mayai, na watoto wazoeshwe hivyo tangu mwanzo.

Ukiwa umewapa kuku dawa ya viua vijasumu, soma kwenye pakiti idadi ya siku ambazo mayai na nyama havipaswi kuliwa. Siku hizo zihesabiwe kuanzia dozi ya mwisho, na mayai yafukiwe, yasiuzwe kwa jirani.

Kuku wa kuchinja asipewe chakula usiku uliotangulia, apewe maji tu, ili utumbo uwe mtupu na usafishaji uwe rahisi. Maji ya kunyonyolea yawe ya moto sana lakini yasiyochemka, nyuzi 60 hadi 65 hivi, la sivyo ngozi huchanika pamoja na manyoya. Kuku mzee aliyeacha kutaga hafai kukaangwa moja kwa moja. Mkate vipande, mtie tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu, umchemshe kwa moto mdogo saa moja na nusu au zaidi, na supu yake itakuwa nzito bila kuongezwa kitu.

Kinyesi cha bandani kina nguvu ya kuunguza miche. Kilundike pamoja na majani makavu, kilowanishwe na kugeuzwa kila wiki mbili, na kitumike baada ya miezi miwili hadi mitatu. Mchicha uliopandwa kwenye tuta lenye mbolea hiyo huvunwa baada ya wiki tatu hadi nne. Ukizidi mahitaji, chemsha majani kwa dakika mbili katika maji yenye chumvi, yachuje, yatandaze kivulini juu ya wavu safi uliofunikwa kwa chandarua hadi yavunjike mkononi, kisha uyafungie kwenye chombo kikavu. Mboga hizo zitapikwa kwa karanga au nazi wakati wa kiangazi, na mashina mabichi yanayobaki siku ya kuvuna yarudi kwa kuku.